Mbuzi Watatu wa Mwende

Jumapili, 1 Agosti 2021

Mwende anaolewa! Mwende wangu anaolewa!

Vitunguu vimeungua, viungue. Nilikuwa nakaanga huku ibada inaendelea kwenye simu, mchungaji ndiyo kwanza amefika kwa Wakorintho, mara Mwende anaingia kutoka shifti ya usiku, mistari ya barakoa bado mashavuni. Ananyoosha kidole. Pete! Nimepiga vigelegele hadi jirani yangu Mama Furaha, yule wa Kongo, akagonga ukuta akidhani nimefiwa.

Kioko alimwomba waoane kwenye maegesho ya hospitali. Yeye na barakoa, mtoto wangu na barakoa. Ati alipiga goti kwenye lami yenye maji. Kijana wa Machakos, injinia wa barabara, anakaa Bankstown na shangazi yake. Mrefu. Sahani anaipokea kwa mikono miwili. Mimi hicho nilikiona siku ya kwanza.

Sishangai. Nani asingemtaka? Nesi wa chumba cha mahututi, digrii mbili. Alikuja huku na sanduku moja, akasoma, akanileta na mimi. Mount Druitt nzima, hapa Sydney, inamjua Mwende. Asiyemjua bado hajakutana na mimi.

Nataka kitu kimoja tu. Mbuzi watatu wa ntheo wafike kwetu Kitui, wafungwe mlangoni, watu waone. Kwetu Ukambani bila hao watatu hujaolewa, umechukuliwa tu. Wangu hawakuja. Baba yake Mwende alisema mwaka ujao, mwaka ujao, kisha akaondoka na huo mwaka wenyewe. Nikamlea Mwende kwa baba yangu, akawa mtoto wa ukoo wa baba yangu.

Wake watakuja.

Jumanne, 3 Agosti

Shifti ya asubuhi. Kwanza kupimwa pua, kijiti kinatafuta ubongo. Nyumba ya wazee haipokei wageni tena. Watoto wao wanawapungia mikono dirishani kama watu wa gari moshi.

Nimewatangazia wazee wote habari ya Mwende. Wengine mara mbili kwa sababu wanasahau. Mimi sichoki.

Bibi Doreen wa chumba cha mwisho ana karatasi ukutani kubwa kama shuka. Ukoo wake wote umechorwa kama mti. Mkwe wake aliutoa kwenye kumbukumbu za kaunti moja huko Uingereza, naye amekaa kwenye kochi lake tu. Juu kabisa yuko babu wa babu wa babu, fundi viatu. Akaniuliza, na watu wako wewe wanajulikana hadi wapi?

Hadi wapi! Nikamwambia sisi pia tuna kaunti. Na ofisi ya ardhi tunayo, na shamba la babu yangu Muli limeandikwa humo kabla sijazaliwa. Kilima kizima.

Fundi viatu. Na bado amemtundika.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimejiponza.

Leo tumeonana kwa video na Shangazi Ndinda, huyo anayekaa na Kioko. Hatuwezi kutembeleana, polisi wamejaa barabarani. Mwanamke mwenye heshima zake, kilemba kimekaa. Tumesalimiana vizuri, tumeulizana mvua ya nyumbani. Kisha akauliza swali ambalo kila Mkamba huuliza: nyinyi ni ukoo gani? Maana watu wa ukoo mmoja ni kaka na dada, hata kama hawajawahi kuonana. Hawaoani. Kioko ni Muanzauni, wa ukoo wa Anzauni.

Nikasema sisi ni Atangwa. Akasema vyema sana. Ikaisha.

Ningenyamaza hapo! Maji yalikuwa yametulia. Lakini mti wa Doreen ulikuwa unanikereketa kooni tangu Jumanne. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Na si maneno matupu, shangazi. Tuna karatasi za kaunti. Nitawaletea muone hadi babu yetu." Mwende akanikanyaga chini ya meza. Nikaendelea. Nikataja kilima.

Shangazi Ndinda akatabasamu. "Basi zilete, mama. Baba yake Kioko atafurahi. Mbuzi watangoja karatasi."

Mbuzi watangoja! Nani amewaambia wangoje?

Mwende anasema, "Mum, hakuna aliyekuuliza karatasi." Najua. Nimefungua kikundi kwenye simu, pande zote mbili, nimekiita Harusi ya Mwende na Kioko, ili angalau kitu kimoja kionekane kinakwenda.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimempigia kaka yangu Mutua. Yuko nyumbani Kitui, ndiye anayekaa na shamba. Nimemwambia aende ofisi ya ardhi atoe karatasi ya babu, yenye jina na ukoo. Walipopima mashamba zamani waliandika hadi ukoo, baba alituambia.

Akasema sawa dada. Kisha akanieleza kuhusu kuku kwa muda mrefu kuliko mchungaji. Tangu korona iingie amekuwa mfugaji. Kuku ana mdondo, kuku amepona, kuku anataga wapi. Nikamwuliza, utaenda lini? Akanitumia picha ya jogoo.

Alhamisi, 12 Agosti

Mutua amekwenda. Wamemwambia alete barua ya chifu.

Jumatano, 18 Agosti

Chifu yuko karantini. Chifu msaidizi anaogopa muhuri wa chifu.

Ofisi zao zikifunguliwa saa mbili asubuhi, huku ni saa tisa alasiri na mimi ninawapa wazee chai. Simu iko mfukoni mwa aproni inatetemeka. Leo nimemwagia Doreen chai kwenye sahani kwa sababu ya Mutua. Na yote aliyotaka kuniambia ni kwamba wamehamia dirisha la pili.

Jumanne, 24 Agosti

Kafyu imeanza huku kwetu. Kwetu Kenya kafyu, kwetu huku kafyu. Helikopta inazunguka juu ya paa zetu kama tai aliyeona vifaranga. Watu wa ufukweni wanaota jua, tunawaona kwenye habari. Sisi tunaowaosha wazee wao ndio tunaambiwa tusitoke.

Mutua alipata barua. Akaenda. Mtandao uko chini. Akarudi. Mtandao uko juu lakini faili halipo. Karani akasema labda limekwenda Nairobi. Limekwenda kufanya nini Nairobi? Lina jamaa huko?

Nilikuwa nje nikianika nguo na kulia kwa hasira. Mama Furaha akachungulia juu ya ua. "Mama Mwende, weye unatafuta bwana ya mutoto ao unatafuta babu? Babu alikufaka zamani, mumuache apumuzike!" Kisha akanipa sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli. Nimekula yote nikiwa nimesimama. Sombe yake tamu kuliko ya mtu yeyote, na simwambii.

Jumapili, 29 Agosti

Mwende amelala siku nzima. Wadi imejaa. Anarudi na mikono imepasuka kwa dawa ya kunawa. Namkanda miguu. Anasema jana alimshikia mgonjwa simu ili watoto wake wamuage. Kisha akaniuliza, kwa upole, kama bado nasumbua ofisi ya ardhi.

Nikasema si kusumbua. Nikasema ni kwa ajili yako.

Akasema, "Ni kwa ajili ya Doreen."

Mtoto nimemzaa mwenyewe, na ulimi ni wangu.

Ijumaa, 3 Septemba

Faili limepatikana. Lilikuwa kabati la chini, chini ya faili la kisima.

Mutua amepiga picha karatasi. Na je, amenitumia mimi? Hapana. Ameitupa moja kwa moja kwenye kikundi cha harusi, mbele ya Shangazi Ndinda na baba yake Kioko na wote, na maneno: Bwana asifiwe, babu huyu hapa, Mungu ni mwema wakati wote!

Nimeisoma nikiwa chumba cha kufulia. Muli mwana wa Kilonzo. Ukoo, Anzauni.

Kilonzo ni nani? Baba wa babu aliitwa Ngui. Na Anzauni ni ukoo wa Kioko.

Mashine zilikuwa zinazunguka na shuka za watu. Nimekaa kwenye kapu.

Jumamosi, 4 Septemba

Kikundi kimya. Hata Mutua.

Jumatatu, 6 Septemba

Shangazi Ndinda amepiga. Hakunisema vibaya, afadhali angenisema. "Mama, mimi nampenda Mwende. Lakini karatasi umeileta wewe mwenyewe. Ni kaka na dada hawa. Mzee amesema mbuzi wasitoke zizini."

Nikamwambia karatasi ni ya uongo. Akaniuliza mbona wiki nne nzima nilikuwa naisifu.

Karatasi niliitaka mimi. Nimeilipia jasho la Mutua na aibu yangu. Kama nisingefungua mdomo, mbuzi wangekuwa wamekwisha kuliwa.

Jumatano, 8 Septemba

Tumegombana na Mwende. Sijawahi kugombana naye hivi.

Anasema watakwenda kwa msajili wa ndoa wakifunguliwa, mashahidi wawili, sahihi, basi. Serikali ya huku haiulizi ukoo. Nikamwambia Kioko hataweza bila neno la baba yake, yule si kijana wa kumruka baba. Akasema ndiyo, Kioko ametaka wangoje, na ndiyo sababu yeye Mwende amelia kwenye gari saa nzima. Kwa ajili ya mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Kwa ajili ya mbuzi.

Nikasema usidharau mbuzi. Hujui mwanamke asiye na mbuzi anaitwaje akipita.

Akanitazama. Akasema, "Mum, mbuzi wako hawakuja. Ukanilea. Nilikosa nini?"

Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nimekasirika. Nimemkasirikia baba yake, na karani, na Kilonzo nisiyemjua. Mwende alikosa nini? Hakukosa kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipita sokoni na watu wanamwuliza mama yangu kama bado niko pale. Miaka yote. Bado yuko? Yuko. Hilo ndilo sitaki aulizwe mtu juu ya Mwende.

Jumapili, 12 Septemba

Ibada kwa simu. Nimezima wakati wa matangazo ya harusi.

Kioko hajapiga. Mwende anakula akiwa amesimama kama mimi. Hatuongei ila kuhusu chumvi.

Doreen ameuliza kama karatasi zangu zimefika. Nikamwambia posta zimechelewa kwa sababu ya korona. Siku hizi kila kitu unaweza kukiwekea korona.

Alhamisi, 16 Septemba

Ngoja niandike vizuri.

Mutua ametuma picha. Baada ya kunyamaza siku zote hizi, baada ya kunichomea nyumba, anatuma nini? Kuku. Kuku mwekundu amelalia mayai, na maneno: Huyu naye amekuwa mama. Nikataka kuitupa simu kwenye ndoo. Nikaikuza picha ili nimwone vizuri huyo kuku ninayemchukia.

Amelala ndani ya mzinga. Mzinga wa babu, ule wa gogo, wa nyuki, uliokuwa juu ya ghala. Mutua amempasulia kuku ubavu mmoja awe na kiota! Na chini ya bawa lake, kwenye mti mweusi, alama ya moto. Mikato miwili imelala, mmoja umesimama.

Ile alama naijua. Naijua kwa mikono. Baba alikuwa akiwachoma ng'ombe wetu alama hiyo pajani, na mimi ndiye niliyeshika kamba. Kila ukoo una yake, kwa ng'ombe na kwa mzinga, na hii ni ya Atangwa. Shamba unaweza kupewa na mtu. Jina unaweza kupewa. Lakini ukiweka alama ya ukoo mwingine kwenye mzinga wako, wewe ni mwizi wa asali, na mwizi wa asali kwetu hakuishi kuwa babu.

Basi nikakumbuka na msemo wa baba. Akishiba alikuwa akisema: sisi tuliingia hapa na njaa tumboni na mzinga kichwani. Tulidhani ni utani wa mtu aliyeshiba.

Nimempigia Mutua hapo hapo. Nimemwambia mtoe huyo kuku upige picha alama yote. Akasema hawezi. Kuku akisumbuliwa ataacha mayai. Nikamwambia Mutua, mwana wa mama yangu, mimi nina binti wa kuozwa! Akasema, naye ana vifaranga.

Ijumaa, 17 Septemba

Nimemwonyesha Mwende. Hakucheka. Aliitazama picha muda mrefu, kama anavyotazama zile mashine zake. Kisha akampigia Kioko. Nikatoka nje ili wasinione nasikiliza. Dirisha lilikuwa wazi.

Kioko amempelekea baba yake. Jibu la Mzee Nzioka: kwenye simu mtu anaweza kukuza, anaweza kupindua, na kuku amekalia ushahidi. Atakwenda Kitui mwenyewe.

Mzee mzima, na korona hii. Nimeanza kumpenda huyo mzee.

Jumatano, 22 Septemba

Bado hajaenda. Ana miadi ya chanjo.

Mutua anauliza kama mkwe anakula kuku. Nikamwambia kuku yeyote ila yule.

Jumatatu, 27 Septemba

Amekwenda!

Nilibadilishana shifti ili niwe nyumbani. Mwende naye alikuwa nyumbani, Kioko na shangazi yake Bankstown, sote kwenye video, na Mutua anashika simu kama mtu anayeshika samaki. Tumeona anga, tumeona kiatu, tumeona ng'ombe wa jirani. Nikapiga kelele. Hatimaye tukaona Mzee Nzioka. Mfupi! Sijui Kioko alimtoa wapi huo urefu. Koti, kofia, barakoa ya kitambaa cha kitenge.

Akainama kwenye mzinga. Kuku akamdonoa. Akainama tena, kuku akamdonoa tena, akavua kofia akamfunika nayo kichwa, na kuku akatulia kama mtoto. Akapitisha kidole gumba kwenye alama. Pole pole. Mikato miwili, mmoja.

"Hii si yetu," akasema. "Ya kwetu naijua hata gizani. Hii ni ya Atangwa, na ni ya zamani kuliko mimi."

Mwende alinishika mkono chini ya meza. Pale pale alipokuwa amenikanyaga.

Kisha Mzee akaomba kiti, akatueleza. Ati walipokuja kupima mashamba, wanakamati walikuwa wa ukoo wenye kilima. Mgeni asiye na mtu wake ndani ya kamati alipata mawe. Kwa hiyo mtu aliyempokea mgeni wake na kumpenda alisimama mbele ya karani akasema, huyu ni mwanangu, muandikeni. Kwao Machakos kuna walioandikwa hivyo watano, anawajua. Kilonzo alikuwa Muanzauni. Alimwandika babu yangu Muli kama mtoto wake ili apate pa kulima. Karani aliandika alichoambiwa. Hakuna aliyemwuliza nyuki.

Mutua akauliza, kwa hiyo kilima hiki kilikuwa chao? Mzee akacheka hadi barakoa ikashuka. "Kaa, kijana. Tuliwapa. Sasa tumekuja kudai msichana."

Mbuzi watatoka.

Nimelia. Shangazi Ndinda naye amelia, kilemba kikapinda kwa mara ya kwanza.

Jumanne, 28 Septemba

Leo nimekaa na lile neno. Mgeni. Miaka hamsini najisifia kilima. Nimekitaja kwa Doreen, kwa mchungaji, kwa watu wa foleni ya chanjo. Kumbe babu aliingia na mzinga kichwani na mtu akamwonea huruma.

Nilichukia kidogo hadi mchana. Kisha Mwende akasema, "Mum, na sisi je? Nani alitupokea huku?" Nikamwambia ulinipokea wewe. Akasema, na yeye alipokewa na nani? Ni yule mama mzee wa St Marys aliyempa chumba cha nyuma mwaka wa kwanza na kuwaambia watu ni mpwa wake, ili mwenye nyumba asilete maneno. Nilikuwa nimemsahau. Mwanamke mweupe kama chumvi, ati mpwa wake!

Naam. Kilonzo alikuwa mtu mzuri. Nitamtaja kwenye maombi.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimemwonyesha Doreen. Nimepiga chapa picha duka la dawa, maana huku wanachapa hata picha, kubwa, rangi zote. Nikamweleza kwa Kiingereza changu: hii ndiyo kumbukumbu ya kaunti yangu. Akavaa miwani. Akauliza, kuku anaitwa nani?

Sikujua. Nimempigia Mutua, akasema hana jina. Nikamwambia ampe. Amemwita Karani.

Doreen ametaka picha ibaki. Sasa iko ukutani kwake, kando ya fundi viatu. Nikipita na chai namwona Karani anatazama korido nzima. Tumewazidi, sisemi kitu.

Jumatatu, 11 Oktoba

Wamefungua! Wenye chanjo mbili tunaweza kutembeleana. Kioko alikuwa mlangoni kabla sijafunga gauni. Amepungua. Nimempa chapati hadi akaomba msamaha.

Shangazi Ndinda amekuja naye. Ana kwa ana ni mfupi kama kaka yake na mbishi mara mbili. Tumebishana tangu chai hadi taa kuwashwa: nani apike pilau, nani aseme kwanza, kama watu wa Sydney watasimama mbuzi wakiingia au watakaa. Yeye anataka beberu awe mweusi. Mimi nikasema beberu atakuwa beberu. Mwende na Kioko wamejificha kwa Mama Furaha.

Ni mtu wa kuudhi sana. Nimempenda.

Jumatatu, 18 Oktoba

Mutua anasema vifaranga wa Karani wameanza kufuata watu hadi jikoni. Mzinga uko wazi sasa. Ameusafisha, amepaka mafuta, ameuweka mlangoni pa nyumba ya mama. Sikumwambia. Amefikiri mwenyewe. Mbuzi watafungwa hapo hapo, kando yake.

Nikamwuliza, siku hiyo utasema wamekuja kwa nani? Maana mtu mkubwa wa nyumba lazima aseme. Akasema, "Nitasema wamekuja kwenye nyumba ya dada yangu." Nikamwambia sina nyumba huko. Akasema, "Sasa unayo. Na uache kulia, simu inakula pesa."

Jumatano, 20 Oktoba

Jioni ya utulivu. Mwende amelala kwenye kochi kabla ya shifti, miguu yake mapajani mwangu. Nje magari yamerudi, treni inasikika. Sijui ni lini niliacha kuisikia.

Nimepiga pasi leso mbili, yake na yangu. Yangu ilikuwa kwenye sanduku tangu mama yangu alipoinunua, kwa siku ambayo haikufika. Mikunjo imegoma kutoka. Nitaivaa na mikunjo yake.

Mama Furaha analeta sombe na samaki. Ndinda analeta pilau lake, tutaona. Kioko analeta kioo kikubwa cha kuonyeshea video, ili mbuzi waonekane ukubwa wao. Kwao itakuwa saa nne asubuhi. Huku saa kumi na mbili jioni.

Wote wamesema ndiyo. Jumamosi, tarehe ishirini na tatu.